Filamu mpya hazisikiki, hazionekani: nilaumu mwenye filamu au TV yangu?

Mwewe wa Kasarani

Wadau wa filamu, niamulieni kesi.

Nimetazama Oppenheimer, Dune: Part Two, Sinners na Adolescence, ile ya Netflix yenye sehemu nne. Kwa hadithi na uigizaji sina neno, zote nne nazipa saluti. Kesi yangu ni ya macho na masikio.

Sauti kwanza. Watu wananong'ona, napandisha hadi 45, mara mlipuko unatikisa sufuria jikoni na jirani anagonga ukuta. Oppenheimer imezidi: muziki unapanda juu ya maneno na sijui wameambiana nini. Habari za saa moja hapo hapo zinasikika vizuri kwa 18.

Halafu giza. Sinners ikiingia usiku, nyuso zinamezwa na weusi, na kwenye pembe za picha naona mabaka ya mraba mraba yanayotembea kama vigae vilivyobanduka. Dune nayo ina mapambano ya uwanjani ambapo rangi zote zinatoweka na watu wanakuwa weupe kama chokaa. Nikadhani waya wa HDMI umelegea. Adolescence inateleza mno, kama tamthilia ya mchana. Na mistari myeusi juu na chini: Dune inayo mwanzo hadi mwisho, Sinners inakuja na kuondoka.

Vyombo: TV ya inchi 43, 4K yenye HDR10 (picha ya mwanga na vivuli vipana zaidi). Kisanduku cha Android kwenye HDMI. Wufa ya 2.1 imeunganishwa na waya wa aux kwenye tundu la earphone la TV. WiFi ya ploti, Mbps 10, tunagawana. Sebule ni ya vigae, dirisha linatazamana na TV.

Filamu ni mbaya au mimi ndiye mbaya?

---

Sauti ya Luthuli

Ndugu Mwewe, sehemu kubwa ni vyombo, sehemu ndogo ni Nolan, mwongozaji wa Oppenheimer. Mimi nachukua sauti, picha nawaachia wengine.

Kabla hujagusa menyu yoyote, chomoa wufa na uchomeke earphone nzima kwenye tundu lile lile la TV. Rudia dakika mbili za Oppenheimer zilizokushinda. Maneno yakisikika, basi TV haina kosa. Kosa liko kati ya tundu na wufa. Yasiposikika, kosa liko kwenye TV, kisanduku au filamu. Hicho kipimo cha dakika mbili huokoa watu wengi kununua spika ambazo hawazihitaji.

Earphone zikiwa sawa, tazama mambo matatu kwa mpangilio huu.

Plagi ya aux. Ina pete mbili nyeusi zinazoigawa sehemu tatu: ncha ni kushoto, katikati ni kulia, shina ni ardhi ya wote wawili. Waya wa ardhi ukikatika ndani, au plagi isipoingia hadi mwisho, wufa haipokei tena kushoto na kulia. Inapokea tofauti kati ya kushoto na kulia. Sasa, mazungumzo katika filamu huwekwa katikati, maana yake yako sawasawa pande zote mbili, na kitu kilicho sawa ukikitoa kwa mwenzake hubaki sifuri. Muziki na vishindo vilivyotawanywa pembeni vinabaki, maneno yanazama. Mtangazaji wa habari atasikika kama anaongea ndani ya tangi la maji. Pindapinda waya karibu na plagi huku mtu anaongea kwenye TV. Sauti ikirukaruka, au ukisikia mvumo, huo waya umekufa. Usiunge kwa selotepu, nunua mwingine.

Kitufe cha "3D" au "Surround" kwenye wufa. Kinafanya makusudi kile kile ambacho waya mbovu unafanya kwa bahati mbaya: kinakuza tofauti ya pande mbili ili chumba kionekane kipana. Kwa muziki wa reggae kinapendeza. Kwa filamu kinaua maneno. Kizime na ukisahau.

Spika zenye waya wa kubana, mwekundu na mweusi. Hakikisha spika zote mbili zimefungwa mwekundu kwa mwekundu. Moja ikigeuzwa, koni moja inasukuma wakati nyingine inavuta, besi inapotea na maneno hayana mahali. Unasikia yanatoka nyuma ya kichwa.

Hayo yakiisha, njoo kwenye kisanduku. Apu nyingi hutuma sauti ya 5.1: chaneli tano na ya besi. Chaneli ya katikati ndiyo hubeba karibu maneno yote. Wewe una spika mbili, kwa hiyo lazima kuwe na wa kuzikunja chaneli zote ziwe mbili. Katika kukunja huko, katikati hupunguzwa desibeli 3 na kumwagwa kushoto na kulia, pamoja na muziki na vishindo vilivyokuwepo. Ni kama kumhamisha msemaji kutoka jukwaani na kumketisha katikati ya bendi. Mpe kazi hiyo mtu wa studio badala ya kisanduku cha bei nafuu: wakati filamu inacheza, fungua orodha ya sauti, na kama kuna "English" na "English 5.1", chagua ile isiyo na 5.1. Kisha nenda kwenye mipangilio ya sauti ya kisanduku, sehemu ya miundo ya sauti ya mzunguko (surround), uweke isitumie kamwe. TV nayo weka pato la sauti PCM, yaani sauti ya kawaida ya chaneli mbili.

Sasa swali lako la 45 na 18. Netflix huwataka watengenezaji waweke wastani wa maneno kwenye desibeli 27 chini ya kilele cha mfumo, na vilele visizidi 2 chini. Hesabu: kati ya mtu anayeongea na bomu kuna nafasi ya desibeli 25. YouTube hushusha sauti za video hadi karibu 14 chini. Ukitoka YouTube ukaingia Netflix bila kugusa rimoti, umeshuka desibeli 13 au zaidi, na sikio huhesabu 10 kama nusu ya sauti. Kwa hiyo kuongeza ni halali. Kosa ni kuongeza hadi mnong'ono usikike kama habari, kwa sababu bomu nalo umelipandisha vilevile.

Dawa yake ni kubana hiyo tofauti. Tafuta kwenye TV "Night mode", "Auto Volume" au DRC, jina hutegemea kampuni. Tumia moja tu. Ukiwasha Auto Volume kwenye TV na nyingine kwenye kisanduku, zitapigana na utasikia sauti inapumua: inapanda kila watu wakinyamaza, inashuka mtu akifungua mdomo.

Wufa yenyewe: kifundo cha besi kirudishe saa tatu asubuhi kama kingekuwa mshale wa saa, treble saa saba mchana. Maneno hueleweka kwa konsonanti, na konsonanti ziko takriban kati ya hezi 1,000 na 4,000. Besi ikizidi huzifunika, na ndiyo hiyo hiyo inayompata jirani kwa sababu mawimbi marefu hupita ukutani. Toa boksi la besi kwenye kona. Kona ya mawe hulikuza bila wewe kuomba. Nusu mita kutoka kila ukuta yatosha. Spika ndogo zisikae nyuma ya TV wala sakafuni. Ziwe kimo cha sikio la mtu aliyeketi, kama sentimita 100, zikikutazama. Na vigae hivyo vitandikie zulia kati yako na TV, kwa sababu nusu ya unachokiita mnong'ono ni mwangwi.

Baada ya hayo yote bado Oppenheimer itakuwa na sehemu mbili tatu zisizosikika. Hizo ni za Nolan. Hupenda kubaki na sauti aliyoinasa siku ya kupiga picha kuliko kumrudisha mwigizaji studio arudie maneno, na kamera za IMAX hupiga kelele kama cherehani. Mimi huo uamuzi siupendi. Lakini ni uamuzi, si hitilafu.

---

Kivuli Hakidanganyi

Sauti amemaliza. Nije kwenye giza.

Watu wengi hudhani TV yao haina mwanga wa kutosha. Sinema hupimwa kwa niti 48 (niti ni kipimo cha mwangaza) kwenye pazia jeupe. TV ya inchi 43 ya bei ya kawaida yenye HDR10 hufika 250 hadi 300. Una mwanga mara tano ya sinema, ndugu! Tofauti ni kwamba sinema ni chumba cheusi, na wewe una dirisha linalotazamana na skrini. Nuru ya dirisha ikilala juu ya skrini huinua weusi wote hadi kijivu, na chochote kilicho cheusi kidogo tu kuliko hicho kijivu hakipo tena kwa jicho lako. Sinners ina vivuli vingi vilivyopangwa kwa uangalifu. Usiitazame saa tisa alasiri bila pazia zito. Usiku, zima taa ya dari. Ukitaka taa, weka nyuma ya TV imulike ukuta, nyeupe ya kelvini 6,500 ukiipata.

Kwenye TV, fuata hivi:

Zima kila kitu chenye jina la Eco, Power Saving au kihisi cha mwanga. Hivyo hushusha mwanga wa nyuma, na tukio la giza ndipo pale pale unapouhitaji. Tokeni utakazookoa ni chache.

Badilisha mtindo wa picha uwe "Movie", "Cinema" au "Filmmaker Mode". "Vivid" na "Dynamic" zimewekwa kwa ajili ya dukani chini ya taa kali. Backlight panda upendavyo. Lakini ile inayoitwa Brightness, kwenye TV nyingi, haihusiki na mwanga bali na weusi unaanzia wapi, iache 50. Ukiipandisha vivuli vinakuwa moshi, ukiishusha vinamezwa. Contrast 85 hadi 90. Sharpness sifuri au 10, isizidi. Rangi "Warm", nawe uvumilie siku tatu. Siku ya kwanza itaonekana kama chai ya maziwa, baadaye utaona ile ya zamani ilikuwa ya buluu. Gamma 2.2 kwa chumba chenye mwanga, 2.4 kwa giza.

Kisha kuna kosa moja ninaloliona sana kwenye visanduku, na dalili zako zinalingana nalo: nyuso zinamezwa. HDMI hubeba picha kwa vipimo viwili. Kipimo finyu kinahesabu weusi kuanzia 16 na weupe kuishia 235. Kipimo kizima ni 0 hadi 255. Kisanduku kikituma kizima na TV ikatarajia finyu, kila kilicho kati ya 0 na 16 kinakuwa shimo moja jeusi. Hapo ndipo macho na mashavu hupotea. Kinyume chake, kila kitu huwa kijivu kama kimepakwa unga. Weka pande zote mbili "Limited", au kwenye TV "HDMI Black Level: Low". Majina hutofautiana, dalili hazitofautiani.

HDR nayo. Filamu za HDR hupangwa kwenye skrini za studio za niti 1,000 na zaidi. TV ya niti 250 lazima iubane mwanga wote huo, na nyingine huokoa mwali wa moto kwa kushusha picha nzima, uso wa mtu ukiwemo. Kama TV yako ina "Dynamic Tone Mapping" au "Active HDR", iwashe. Kama haina, mwambie kisanduku kitume SDR, picha ya kawaida isiyo ya HDR. Si aibu: kwa TV ya aina hiyo SDR nzuri hushinda HDR iliyochoka. Na hakikisha kisanduku hakijawekwa kigeuze kila kitu kuwa HDR, hata menyu. Kiweke kifuate kile filamu ilivyo.

Vigae vinavyotembea si kosa la mwanga. Huo ni mkondo mwembamba wa intaneti. Kodeki, programu inayobana picha, ikikosa nafasi huanza kuiba gizani, mahali inapodhani hutazami. Netflix hutaka Mbps 5 kwa 1080p na 15 kwa 4K. Mbps 10 za ploti saa mbili usiku huenda zikakufikia tatu. Lakini angalia pia kibali cha Widevine cha kisanduku, ile kufuli ya kulinda filamu zisinakiliwe. Visanduku vingi visivyo na idhini vina kiwango cha L3, na hapo Netflix haikupi zaidi ya 480p hata uwe na faiba ya Mbps 100. Pakua apu ya DRM Info ukisome. Kikiwa L3, tumia apu iliyo ndani ya TV yenyewe na kisanduku ukiache kwa mengine.

Kuteleza kwa Adolescence ni TV inayobuni picha. Filamu nyingi hupigwa fremu 24 kwa sekunde, TV huonyesha 60, kwa hiyo inajitungia 36 katikati. Habari na tamthilia za hapa hurushwa kwa mwendo wa 50, na jicho lililokulia hapo likiona mwendo laini linasema "tamthilia". Zima: LG ni TruMotion, Sony ni Motionflow, Samsung ni Auto Motion Plus au Picture Clarity, kwa nyingine tafuta neno "Motion". Adolescence huteseka zaidi kwa sababu kila sehemu imepigwa mkupuo mmoja bila kukata. Kamera inamfuata mtu ukumbini, inageuka, inapita mlangoni, na mwisho wa sehemu ya pili inafungwa kwenye droni na kupaa. Hakuna mkato wa kuipa TV nafasi ya kuanza upya. Ukitaka kuhakikisha, simamisha macho pembeni mwa kichwa cha mtu anayepita mbele ya ukuta wenye mchoro: ukiona ukungu unaomfuata kama joto juu ya lami, hiyo ni TV.

Ukizima utaona picha inarukaruka kidogo kamera ikizunguka polepole. Hiyo ni kwa sababu 24 haigawi 60. Fremu moja hukaa mara mbili, inayofuata mara tatu. Kwenye kisanduku washa ulinganishaji wa mwendo wa fremu (match frame rate). Kama TV inakubali 24, mruko huo unapungua sana.

---

Mzee Projekta

Rangi za Dune: usifungue TV, usiite fundi. Mapambano yale ya Giedi Prime, sayari ya Harkonnen, yalipigwa kwa kamera zinazoona mwanga wa infraredi. Ngozi huakisi infraredi kwa namna nyingine kabisa, ndiyo maana watu wanakuwa chokaa na macho yao yanatisha. Wakitoka juani wakaingia ndani, rangi zinarudi. Kwangu mimi ndiyo dakika bora za filamu ile nzima. Na Oppenheimer kuwa nyeusi na nyeupe kwa vipindi ni makusudi pia: nyeusi na nyeupe ni upande wa Strauss, hasimu wa Oppenheimer, rangi ni upande wa Oppenheimer mwenyewe. Kodak iliwatengenezea filamu ya IMAX ya nyeusi na nyeupe ambayo haikuwahi kuwepo.

Mistari. Skrini yako ina upana wa sentimita 95 na kimo 53. Dune nyumbani ni upana 2.39 kwa kimo 1, kwa hiyo picha ina kimo cha sentimita 40 na kila mstari una 7 hivi. Sinners ilipigwa kwa miundo miwili: mmoja mpana mno wa 2.76, unaokuachia picha ya sentimita 34 tu, na mwingine wa IMAX unaojaza skrini yote. Ndiyo maana mistari inakuja na kuondoka. Tazama inaondoka wakati gani, utaelewa kwa nini. Usibonyeze Zoom. Kwa Dune utakuwa umekata robo ya upana, na wale jamaa humweka mtu pembeni kabisa ya picha makusudi.

Kidogo tu cha ziada: nakala za Oppenheimer za IMAX ya milimita 70 zilionyeshwa kumbi 30 duniani, Afrika hakuna hata mmoja. Kila nakala ilikuwa na urefu wa karibu kilomita 18 na uzito wa kilo 270 hivi. Kwa hiyo yeyote wa hapa Nairobi anayekuambia "hukuiona kama ilivyotakiwa", mwulize yeye aliiona wapi.

---

Dada wa Manukuu

Mimi napinga kidogo. Mnampa kijana kazi ya fundi wa wiki nzima wakati manukuu yapo. Sinners ni Mississippi ya 1932, lafudhi nzito, maneno ya enzi zile. Hata sauti ingekuwa safi kama maji ya Ndakaini, sikio la Kasarani lingeachwa nyuma. Kuna filamu ambazo manukuu si kasoro.

Lakini chagua yaliyo sahihi. Kwenye orodha utaona "English" na "English [CC]". Ile ya CC ni ya wasiosikia, ina "mlango unafunguliwa" na "muziki wa wasiwasi". Kwa filamu ya lugha nyingine tofauti ni kubwa zaidi: Squid Game ilipotoka 2021, manukuu ya CC yalifuata maneno ya waigizaji wa sauti za Kiingereza, ambao hulazimika kulingana na midomo, wakati yale ya "English" tu yalikuwa tafsiri ya Kikorea. Watu walitazama hadithi mbili tofauti kidogo wakabishana.

Mpangilio: maandishi meupe yenye kivuli, ukubwa wa kati, bila boksi jeusi. Kwa HDR punguza yawe ya kijivu, la sivyo kila mstari ni tochi usoni na jicho linapoteza vivuli vyote ambavyo Kivuli amekuhangaikia.

Na jamani, wengi wetu tumezoeshwa na DJ Afro, yule anayesimulia filamu kwa sauti yake mwenyewe. Sauti yake iko juu ya kila kitu, hakuna bunduki inayomfunika. Ukitoka kwake ukaingia kwa Nolan lazima uone umeibiwa.

---

Sauti ya Luthuli

Dada, hapo kwa DJ Afro umesema kweli. Na ni kipimo kizuri: mcheze kwa wufa hiyo hiyo. Sauti yake ikikosa nguvu, ile plagi ni mbovu.

---

Mwewe wa Kasarani

Asanteni sana, matokeo haya hapa. Earphone: maneno yote yako wazi. Plagi: ukiipinda inavuma, nimebadilisha waya. Kitufe cha Surround kilikuwa kimewaka. Sasa natazama kwa 26, besi saa tatu, Night mode ya TV peke yake. Oppenheimer naelewa karibu yote isipokuwa pale muziki unapofura.

DRM Info inasema L3. Nimehamia apu ya TV, mabaka yamepungua ila hayajaisha. HDMI Black Level ilikuwa kwenye High, nimeweka Low kwa kisanduku.

Maswali mawili. Apu ya TV itakula bando kiasi gani kwa filamu kama Sinners nikitumia simu siku WiFi ikilala? Na je, ninunue soundbar au nibaki na wufa?

---

Kivuli Hakidanganyi

Ndugu, Black Level ya High yenye kisanduku cha kipimo finyu ingekupa kijivu, si kumeza. Kama sasa uko kwenye Low na nyuso bado zinazama, kisanduku kinatuma kizima, kibadilishe chenyewe. Ila ukitumia apu ya TV suala hilo halikuhusu, picha haipiti HDMI.

Bando: makadirio ya Netflix yenyewe kwa saa ni GB 0.3 ubora wa chini, 0.7 wa kati, 3 wa HD na 7 wa 4K. Apu nyingine hazitoki mbali sana na hapo. Sinners ni dakika 137, kwa hiyo HD ni karibu GB 7, na 4K ni 16. Usiiache kwenye "Auto", itajipandisha yenyewe hotspot ikiwa na nguvu. Weka "Medium" ukiwa kwa bando, na ukubali kwamba mabaka yatarudi. Filamu yenye giza nyingi ipakue usiku kwa WiFi ndani ya simu au tableti badala ya kuibana kwa bando.

Mabaka yaliyobaki: vuta waya wa LAN kutoka rauta kama unaifikia. La sivyo, hamia masafa ya GHz 5. Ile ya 2.4 kwenye ploti yenye rauta ishirini ni soko la Gikomba.

---

Sauti ya Luthuli

Soundbar: usinunue ya 2.0 wala 2.1. Utakuwa umelipa kubaki pale pale, tena na spika zilizobanana. Inayofaa imeandikwa 3.0 au 3.1 kwenye boksi, maana yake ina chaneli ya katikati ya kweli, na maneno yanatoka kwenye spika yao wenyewe. Hapo sasa ndipo unarudisha "English 5.1" na kuondoa ile PCM, kwa sababu kuna wa kuipokea. Kwa hiyo kagua nyuma ya TV kwanza: tundu la HDMI liwe limeandikwa ARC au eARC, yaani linaweza kurudisha sauti kutoka TV hadi soundbar. Kama halipo, tumia la optiko.

Ukienda maduka ya Luthuli kununua, beba simu yenye kipande cha filamu cha dakika mbili unachokijua kwa moyo, cha watu wawili wakiongea mvua ikinyesha. Muuzaji atakuchezea gengetone, kwa sababu besi huuza. Mwambie acheze chako, kisha azime vitufe vyote vya kupamba sauti. Simama mita mbili na nusu mbele, si pembeni.

Usiunganishe kwa Bluetooth. Sauti huchelewa milisekunde 100 hadi 200, na fremu moja ya filamu ni 42, kwa hiyo midomo itakuwa mbele kwa fremu kati ya mbili na tano. Kwa ARC huenda ikawa kinyume: TV inachelewesha picha ikiipamba, sauti inatangulia. Kuna kipimo cha "Audio Delay". Anza na 40, ongeza kwa 20 ukirudia tukio moja la mlango unaofungwa kwa nguvu, hadi mlango na kishindo chake vikutane.